Kukauka sio kupona mkuu, hiyo Jumamosi iache

Mkuu hapana. Hapana kabisa. Umeandika kale kamkanda ka ngozi chini ya kichwa cha uume kalichanika Jumapili ukiwa na wife, leo Alhamisi kamekauka, Jumamosi unataka kurudi kwenye tendo, na unachouliza ni upake nini, na kama itabidi ukatwe, na umwambieje wife. Nimesoma nikiwa kwenye daladala nikapitiliza kituo. Hiyo Jumamosi yako mi nishaipitia.

Yangu ilichanika usiku. Nilivyoona damu kwenye shuka nikadhani ni ya mwenzangu, kuwasha taa ni yangu, na inatoka kama nimechinja kuku, wakati kidonda chenyewe kidogo kama punje ya mchele. Kale kamkanda kana mshipa wa damu ndani yake ndo maana. Nikawa nabana na toilet pepa, kila dakika nafunua nichungulie, inaanza upya. Kumbe unabana na kitambaa safi dakika 10 mpaka 15 bila kufunua, inakata.

Asubuhi nikaenda duka la dawa la mtaani. Yule muuzaji hata hakuuliza kidonda kiko wapi hasa, nimemwambia tu nimechubuka sehemu za siri akacheka, akanipa spiriti na kapsuli za rangi mbili, eti fungua unyunyizie ule unga. Mnaosoma mkicheka chekeni, lakini spiriti ilivyogusa pale nilishika bomba la bafuni kwa mikono miwili nikang'ata taulo. Halafu ule unga ukachanganyika na damu ukawa gamba gumu, gamba likaganda kwenye boksa, kila nikivua linang'oka na ngozi mpya. Mtu kavaa koti jeupe, unamwamini, kumbe dawa ya kumeza kaigeuza poda ya kidonda na hela yako kachukua! Mpaka leo nikipita pale hasira zinanipanda.

Ila hata yeye hajaniumiza kama nilivyojiumiza siku ya 6. Gamba limekauka, nikikojoa haliumi, nikajiona mzima, nikarudi. Dakika mbili hazijafika nikasikia kama kuungua, kuangalia, kamechanika palepale na safari hii zaidi ya mara ya kwanza. Sikiliza mkuu, chini ya lile gamba ngozi mpya ni laini kama utando wa juu ya maziwa ya moto, ukigusa imeondoka. Na ikichanika tena inaziba kwa kovu, kovu halivutiki kama ngozi, linakaza, likikaza linachanika kirahisi kuliko mwanzo, unakuwa kila mwezi unaanza moja. Mi jambo la wiki chache lilinichukua karibu miezi mitatu. Na usidhani mchana ndo tabu, tabu ni saa 10 alfajiri, inasimama yenyewe umelala, kidonda kinavutwa unaamka unaruka kitandani (kojoa kabla ya kulala, inaweza kupunguza).

Mwisho nikaenda hospitali. Aibu ilinishika ila daktari hakushangaa hata kidogo, akaniambia nivute ngozi taratibu, akanionyesha kamstari keupe, "hili ni kovu, likiendelea kuchanika tutalifungua kwa upasuaji mdogo." Nilitoka jasho. Akaniambia spiriti mwiko, na deto, na chumvi, na sabuni za harufu. Maji safi tu, unakausha kwa kugusagusa sio kusugua, vaselini ya kawaida kidogo isigande na nguo, boksa la pamba. Na wiki 6 hakuna tendo wala punyeto. Nilizichora kwenye kalenda ya ukutani moja moja, sijakatwa mpaka leo.

Kwa hiyo usihesabu siku tangu kamekauka. Subiri mpaka mashine ikisimama na ukavuta ngozi nyuma taratibu husikii maumivu wala mkazo, HAPO ndo unaanza kuhesabu, wiki 2 nyingine juu yake. Ukirudi rudi na kilainishi, polepole, na ukisikia kanavuta simama palepale.

Cha kukimbilia hospitali bila kungoja ni damu kugoma kukata baada ya dakika 20 za kubana, au usaha, homa, kuvimba, mkojo kukataa kutoka. Na kama ulisikia mlio kama kijiti kinavunjika, ikalala ghafla na kuvimba ikawa rangi ya bilinganya, hayo ni mengine kabisa, siku hiyohiyo bila kujadili. Na wengine mnaosoma hapa ambao haikuwa kwa wife na hamjapima, kidonda wazi ni mlango wa virusi, dawa za kinga ya VVU zinaanzwa ndani ya saa 72, kadiri unavyowahi ndo bora, zikipita umechelewa.

Wife mwambie leo, jioni mkiwa mnakula, na umtajie tarehe kabisa. Mi wangu sikumwambia, siku ya 6 alikuja mwenyewe kwa furaha zake na mi nikaona haya kusema bado.