Kwa mlio na mgonjwa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi): maswali kuhusu mashine ya kupumulia

Daktari, mama yangu ana kilo 96. Mbona nesi alimpima urefu kwa tepu akiwa amelala, kabla ya kuseti mashine? (Kondele, Kisumu)

Nesi huyo anajua kazi yake, dada. Mapafu hufuata kimo cha mtu, si kilo zake. Mama akinenepa, mapafu hayaongezeki. Ndiyo maana tunapima kutoka utosini hadi kisiginoni, tunakokotoa uzito unaolingana na kimo hicho, kisha tunampa mililita 6 hadi 8 za hewa kwa kila kilo. Mapafu yakiwa na hali mbaya, tunaanzia 6. Mwanamke wa sentimita 160 huhesabiwa kilo 52, awe mnene au mwembamba, kwa hiyo pumzi yake moja ni mililita 315 hivi, kama soda ya chupa ndogo. Tungefuata mizani, mama angesukumiwa 576.

Na kusukumiwa ndiko tunakokuogopa. Mimi na wewe tukivuta pumzi, kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, hushuka, kifua hutanuka, hewa huingia yenyewe. Mashine hufanya kinyume: huisukuma ndani. Nimonia kali ikishajaza majimaji sehemu kubwa ya mapafu, hewa yote hukimbilia sehemu chache zilizobaki wazi na kuzinyoosha hadi zinajeruhiwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 ulilinganisha mililita 12 na 6 kwa kilo kwa wagonjwa wa aina hiyo. Waliopewa 12 walikufa karibu 40 katika kila 100. Waliopewa 6, 31. Dawa haikubadilishwa, ni kipimo cha pumzi tu. Ukiwa na mgonjwa wako huko, una haki ya kuuliza kwa upole: amepimwa urefu?

Kwetu wanasema ukiwekwa mashine hutarudi nyumbani. (Kakamega)

Wengi hurudi. Wanaofariki mara nyingi huuawa na ugonjwa uliowafikisha hapo. Mashine haitibu, inampumzisha mgonjwa na kumpa muda dawa zifanye kazi. Mwaka 1952 polio ilipoivamia Copenhagen, Denmark, na mashine zikawa chache, Daktari Bjørn Ibsen alipendekeza wagonjwa watobolewe shingoni na kupumuliwa kwa mfuko wa mkono. Wanafunzi wa udaktari walipokezana kuuminya usiku na mchana, na vifo vikapungua sana. Kinachoniumiza ni familia kukataa mashine kwa hofu, kisha kukubali mgonjwa akiwa amechoka kabisa.

Ikilia kengele, anakufa? (Nakuru)

Mara nyingi ni makohozi, kikohozi, au mgonjwa kuuma mpira unaopita mdomoni kupeleka hewa mapafuni. Mwite nesi, usibonyeze chochote.

Mume wangu ananitazama lakini haongei. Ananisikia? (Bondo)

Huenda anakusikia, mama, kwa hiyo zungumza naye, kwa Kijaluo, mwambie watoto wamekula nini. Haongei kwa sababu mpira umepita katikati ya nyuzi za sauti. Akiwa macho, mshike mkono na umwombe auminye kwa "ndiyo". Hali ikitulia, kila asubuhi tunapunguza dawa ya usingizi na kumwacha ajaribu kupumua kwa nguvu zake, kwa dakika 30 hadi 120. Misuli ya kupumua hudhoofika upesi isipotumika, kwa hiyo hatumcheleweshi. Mpira ukitolewa, sauti itakwaruza kwa siku kadhaa. Usimpe maji mpaka nesi ahakikishe anameza vizuri.