Mchezo wa sataranji ukitulia, usogeze nini?
Ndugu, umesema kula kete unajua, ila mchezo ukitulia huoni la kufanya. Nilikwama hapohapo muda mrefu. Jiulize: kete yangu ipi imekaa bila kazi? Hiyo ndiyo uihamishe kwanza.

Kisha watazame askari, maana hawarudi nyuma. Kila wakisogea huacha nyumba, yaani miraba ya ubao, ambazo hawawezi kuzilinda tena. Farasi wako akitua kwenye nyumba ya katikati ya ubao kama d5, huku akilindwa na askari wako na hakuna askari wa mpinzani wa kumfukuza, utaona anavyomtesa! Ngome zipeleke kwenye safu wima isiyo na askari.

Ila kabla ya kugusa kete, kagua mpinzani anatishia nini. Ukizidi kukwama, pitia mechi ulizoshindwa pamoja na mchezaji aliyekuzidi.