Kompyuta moja, vitabu elfu mbili

SWALI: Assalaam alaykum. Nasomesha sekondari hapa Wete na nimekabidhiwa maktaba ya skuli. Tuna vitabu kama 2,000, kompyuta moja ya msaada, na intaneti ni ile ya simu yangu. Nimeanza kuviingiza kwenye Excel, nambari ya kitabu nikiweka ISBN, ile nambari ya kimataifa inayochapwa kwenye kitabu. Nambari zinageuka 9.78E+12, na vitabu vya seti vinajirudia. Niache, nihamie Koha, ile programu ya kuendeshea maktaba?

JIBU: Waalaykum salaam, Mwalimu. Hiyo 9.78E+12 isikutishe. Excel imeidhania ISBN kuwa hesabu. Nambari za tarakimu 13 bado zimo. Ukibadili mtindo wa safu zitaonekana. Zilizoumia ni za vitabu vya kabla ya 2007, vyenye tarakimu 10, hasa vya Uingereza vinavyoanza na sifuri: sifuri hiyo imekwenda na maji. Hivyo virudie rafuni, na safari hii ifanye safu nzima iwe ya maandishi kabla hujagusa kitu.

La seti ndilo zito. ISBN ni ya toleo, si ya nakala. Vitabu 40 vya Baiolojia vina ISBN moja, kwa hivyo mtoto akipoteza kimoja hutajua ni kipi. Kila nakala ipe nambari yake ya usajili, 0001 na kuendelea, katika leja ya karatasi na katika kompyuta. Iandike ukurasa wa jina na pia ukurasa mmoja wa ndani uliouchagua wewe, tuseme wa 17, maana ukurasa wa mwanzo huchanwa. Kitabu kikipotea, nambari yake isipewe kingine abadan.

Koha ni programu nzuri na ya bure. Ilianzia New Zealand, ikaanza kutumika mwaka 2000. Lakini hukaa juu ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows, na hutaka mtu wa kuiangalia. Wewe unasomesha vipindi na kompyuta ni moja; kwa maoni yangu, bado. Jedwali lako likiwa safi litahamishika siku yoyote. Usafi wenyewe ni kutochanganya: mwandishi safu yake, jina la kitabu safu yake, mwaka safu yake. Kwenye nambari ya Dewey, ile ya kupanga vitabu kwa mada, usijichoshe na desimali ndefu, ila fasihi ya Kiswahili (896.392) usiichanganye na lugha yenyewe (496.392).

Nakala ya jedwali iweke kwenye flashi mbili, moja ilale nyumbani kwako. Mimi kazi ya miezi mitatu iliniishia kwenye beseni la kufulia, flashi ikiwa mfukoni mwa kanzu.

Na hiyo intaneti ya simu usiimalizie kwenye katalogi. Pakua Kiwix, programu ya kusomea tovuti bila intaneti, pamoja na Wikipedia ya Kiswahili mara moja tu, uiweke kwenye kompyuta hiyo. Wanafunzi watasoma bila bando. Kuazimisha endelea na daftari hadi leja ikamilike, ukianza na rafu ya seti.