Barua kwa mwanangu, kabla hujanunua kitochi

Mwanangu mpendwa,

Ugonile. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa zizini nikasikia nusu, nikaurudia usiku nimetulia. Unauliza kama uifungie kabatini simu kubwa, ununue kitochi, simu ndogo ya vitufe, mpaka mtihani wa uhasibu wa CPA wa Novemba upite, kwa sababu ukirudi kazini hamu ya kusoma huna, na ukishika simu kidogo tu upumzike, unashtukia saa sita usiku. Halafu ukamalizia kwa sauti ya chini kwamba labda umekuwa mvivu.

Hilo la mwisho lifute. Wewe uliyekuwa ukikata majani ya ng'ombe alfajiri, mvua ya Tukuyu ikikulowesha, ndipo ukimbilie shule, uvivu utauanzia wapi ukubwani? Baba yako angekuwepo angekukaripia kwa neno hilo kabla hajakujibu lolote.

Kitochi nitakifikia. Kwanza nataka kujua jambo ambalo hukulitaja kabisa: ukifungua mlango wa chumba chako jioni, mkono wako unashika nini kwanza?

Nauliza kwa sababu naona unaingoja hamu ije ndipo ufungue kitabu. Nimekaa na watoto wa darasa la pili na la tatu karibu maisha yangu yote ya kazi, na sijaona hamu ikitangulia. Mtoto anaandika mstari wa kwanza amenuna, wa pili amenuna, ukifika wa nne ulimi uko nje, anakazana, hata kengele haisikii. Kazi ndiyo inayoita hamu. Umechoka kulisikia hili, najua. Nilikwambia ulipohangaika na hesabu za kidato cha pili, nikakwambia ukiwa chuo, na leo nalisema tena.

Hadithi ya Bibi na mzani unaijua, mjomba wako huisimulia kila Krismasi. Ila yeye huanzia kwenye kituo cha kupimia majani ya chai, kwenye kelele, maana ndiko kunakochekesha. Wakati ule mjomba alikuwa bado anabebwa mgongoni. Mimi ndiye niliyekuwa nashika kibatari, na sehemu yangu haisimuliwi.

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na baada ya hapo darasa la kisomo likafunguliwa hata huku kwetu, kwenye shule ya msingi. Akina mama walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti hayaingii, wamekaa upandeupande. Bibi yako hakwenda kwa kutamani. Balozi wa nyumba kumi alipita nyumba kwa nyumba akiandika majina, naye akaona aibu kukataa. Namsikia hadi leo akilalamika jikoni: "Mtu umechuma chai tangu asubuhi, ng'ombe anakusubiri, watoto wana njaa, halafu ukaandike a, e, i?"

Lakini alianza, na nyumbani akajiwekea utaratibu ambao mimi niliuona wa kawaida tu. Penseli hakuiweka pamoja na daftari. Aliichomeka ukutani, kwenye ufito uleule alipotundika ndoo ya maziwa. Kwa hiyo kila jioni akishakamua, akishanawa, akiinua mkono kutundika ndoo, mkono unakutana na penseli. Anaichukua, anakaa kwenye kigoda karibu na moto, mimi nashika kibatari. Mstari mmoja. Siku nyingine alisema mbele yangu, "Leo hata kuiona sitaki," huku ameshaishika. Anauandika mstari ule uso umekunjamana, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai, na daftari lake lote lilijaa alama za kidole gumba. Mara nyingi ule mstari mmoja ulizaa nusu ukurasa, na mimi ndiye niliyesinzia mpaka akaninyang'anya kibatari kisiniunguze nywele.

Agosti 1975 akafanya mtihani wa taifa wa kisomo. Msimu uliofuata ndipo ikaja siku ya mzani. Foleni ndefu, ukungu, majani yamelowa. Karani akatundika kikapu chetu kwenye ndoano, akakitupia jicho, akaandika, akachana stakabadhi na kumkabidhi kama alivyomkabidhi miaka yote. Bibi hakuondoka. Aliisogeza ile karatasi karibu na uso, akainua macho kwenye mshale, kikapu bado kinaning'inia, akarudi kwenye karatasi. Akasema kwa sauti yake ileile ya kila siku, "Mwanangu, hapa umeandika 18. Mzani wako unasema 23." Karani akajibu kwamba wanatoa uzito wa kikapu. Bibi akamwaga majani yote kwenye turubai, akampa kikapu kitupu: "Kipime." Kilo mbili. Nyuma yetu akina mama wa darasa la kisomo wakaanza kuchomoa stakabadhi zao kwenye pindo za khanga, na hizo ndizo kelele anazozipenda mjomba wako. Karani akaandika 21 bila kumtazama Bibi usoni.

Nilikuwa msichana mdogo, na furaha ya siku ile sijaipata tena, hata siku ya cheti changu cha ualimu. Ila usiku wake Bibi hakufurahi. Alikaa pale pale kwenye kigoda akihesabu kwa vidole misimu aliyochuma kabla hajajua kusoma, kila msimu na vikapu vyake, kisha akaacha kuhesabu. Hilo mjomba wako halijui, na mimi bado linaniuma.

Utaniambia Bibi hakuwa na simu. Ni kweli, lakini alikuwa na redio ya jirani, ng'ambo ya kijito, na michezo ya redio aliipenda kupita kiasi. Jioni ya mchezo penseli ilibaki ukutani. Nikajiambia, basi ni yaleyale, kila kizazi na chake, Bibi na redio, mwanangu na TikTok, mbona yeye alisoma? Nimekaa na wazo hilo wiki hii nzima na naliona linapwaya. Mchezo wa redio uliisha. Mtangazaji aliaga. Betri zilichoka, zikaanikwa juani kesho yake, na jirani mwenyewe alitaka kulala. Kila kitu kilimwambia Bibi sasa rudi nyumbani. Simu yako haikwambii. Mwaka 2006 Mmarekani mmoja, Aza Raskin, alibuni ule ukurasa usio na mwisho, unaojiongeza wenyewe kadiri unavyoshuka, na baadaye alisema hadharani kwamba anajutia. Ukurasa wa kitabu unaisha, unageuza, na katika kugeuza unapata nafasi ya kujiuliza kama uendelee. Nafasi hiyo ndiyo waliyoiondoa.

Halafu kuna njiwa. Chuo cha ualimu tulifundishwa habari za Skinner, mwanasaikolojia aliyefanya majaribio na njiwa: njiwa aliyezoeshwa kupata punje kila anapodonoa, punje zikikoma naye huacha mapema, aliyezoeshwa kupata mara mojamoja, asijue lini, huendelea kudonoa muda mrefu hata kama hakuna kitu. Krismasi nilikuangalia pale kwenye kochi ukipandisha video kwa kidole, ya ovyo, ya ovyo, ya ovyo, kisha moja ya kuchekesha kweli ukacheka peke yako, kisha za ovyo tena. Sikusema kitu kwa kuwa wageni walikuwepo.

Kwa hiyo mzigo wote usijitwike wewe. Tena hapo hapo najipinga: nikisema kosa ni la waliotengeneza, nakuacha ukiwangoja wao wakurudishie jioni zako, na hawatakurudishia. Wala sina hakika kwamba simu ndiyo chanzo peke yake. Unaamka saa kumi na moja, daladala kutoka Gongo la Mboto umesimama, ofisi mpaka jioni, foleni tena. Huenda nusu ya hicho unachokiita kukosa hamu ni usingizi tu. Unasema simu inalala chini ya mto kwa ajili ya alamu. Saa ya mezani yenye alamu inauzwa Kariakoo, haina bei ya kukushinda, nunua hiyo kesho, kwa hili sina mjadala.

Binamu yako aliyesomea saikolojia alinieleza utafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, wa mwaka 2017. Watu walipewa mazoezi ya akili, simu zote zimenyamazishwa. Walioziacha chumba kingine walifanya vizuri kuliko waliokuwa nazo mezani. Simu haikuhitaji hata kulia. Na zile siku 21 ulizosikia kwamba zinajenga mazoea, achana nazo. Watafiti wa University College London waliwafuatilia watu 96, wastani ukawa siku 66, aliyewahi akatumia 18, na aliyechelewa wakamkadiria 254. Walichoona pia ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Hilo ndilo nataka ulishike, maana nakujua: ukikosa Jumanne, unaitupa wiki nzima.

Basi kitochi. Simu yangu ndiyo inayoniambia bei ya ndizi soko la Mabibo huko Dar kabla dalali hajaja kunidanganya hapa. Kikundi chetu cha maziwa kinaishi humo. Wewe bosi wako anatuma kazi kwa WhatsApp, na siku ukikosa kujibu nani atakutetea? Pesa za ada ya mdogo wako zinaweza kutumwa hata kwa kitochi, hilo halina shida. Lakini nakiona kitochi kikiwa mkononi mwako, umekaa kitandani, kitabu bado kiko kwenye begi, na wewe unangoja hamu kama ulivyoingoja jana. Kazi ndiyo inayoita hamu, na hakuna simu, kubwa wala ndogo, itakayokuanzia mstari wa kwanza. Kwa upande mwingine, kama hicho kitochi kitakupa jioni mbili tatu za utulivu za kuanzia, kwa nini nikuzuie? Nilishaandika jibu langu kwenye mstari huu, kisha nikalikata kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Umri wako ni wa kuamua, na mtihani ni wako. Ila ukiniuliza mara ya pili nitakujibu, na sidhani kama utalipenda.

Ukiandika, usinieleze umesoma saa ngapi. Nieleze mlango wako unafungukia upande gani, mkoba unautundika wapi ukiingia, kitabu kinalala wapi na simu inalala wapi. Chora kama kueleza ni kazi. Nitauangalia mchoro huo vizuri.

Kaka yako anapanda basi la Alhamisi na barua hii, mkungu wa ndizi na maharage ya msimu huu. Atashuka Mbezi usiku, na atajua mwenyewe jinsi ya kufika kwako. Usikeshe ukimsubiri, mwachie ufunguo kwa mama mwenye nyumba, ulale.

Mama yako
Tukuyu