Dalali wa Nyumba: Muulize Kwanza Analipwa na Nani

Jijini Dar es Salaam ni vigumu kununua au kuuza nyumba bila kupitia kwa dalali, na sioni sababu ya kumkwepa, kwa kuwa dalali anayelijua eneo lake huokoa muda mwingi. Tatizo ni kwamba mtu yeyote mwenye simu anaweza kuamka asubuhi akawa dalali. Wenzetu wa Kenya wana sheria ya mawakala wa nyumba na bodi ya kuwasajili tangu miaka ya 1980. Kwetu wathamini wana sheria yao ya mwaka 2016, lakini dalali utakayemkuta kijiweni Tabata au Mbezi mara nyingi hana cheti wala ofisi, ana jina lake tu mtaani. Kwa hiyo kazi ya kumchuja ni yako.

Ninayoyaandika hapa niliyapata nilipouza nyumba ya urithi ya familia yetu huko Tabata nikiwa msimamizi wa mirathi, na baadaye nilipojitafutia nyumba upande wa Goba. Mara zote mbili swali lililonisaidia kuliko mengine ni hili: malipo yako yanatoka kwa nani, na ni kiasi gani? Kwa mazoea ya hapa kamisheni hutoka kwa muuzaji, na asilimia yake ni ya maelewano. Dalali wa kweli hulijibu swali hilo papo hapo. Anayesema, “Wewe usijali bosi, mimi nitamalizana na mwenye nyumba,” huenda ameshaweka cha juu.

Cha juu ndicho kinachoharibu biashara hii. Mwenye nyumba anataka milioni 80. Dalali wa kwanza anampigia mwenzake na kumtajia 85, huyo naye anampigia wa tatu, na mnunuzi anapofika anatajiwa milioni 100, bei ambayo mwenye mali hajawahi kuisikia. Nilipokuwa nikitafuta Goba, nyumba moja yenye geti la kijani na mwembe uani ililetwa kwangu kwa WhatsApp na madalali watatu, picha zilezile, bei tatu tofauti. Mmoja wao alikuwa ameikata picha ili namba iliyoandikwa kwenye nguzo ya umeme isionekane, nisije nikaitafuta nyumba mwenyewe. Niliwaomba wote wanikutanishe na mwenye nyumba. Wawili wakaanza kusema mzee amesafiri, mzee hapendi kusumbuliwa. Wa tatu alisema twende Jumamosi, ila kamisheni yake iandikwe kwanza. Huyo ndiye niliyefanya naye kazi, na sharti lake lilikuwa la haki, kwa sababu wanunuzi wengi humruka dalali mara tu wanapopata namba ya mwenye mali.

Jambo la pili ni ujuzi wa eneo. Muulize maji ya DAWASA yanatoka siku ngapi kwa wiki, barabara inapitika masika au haipitiki, na bonde linaanzia wapi, maana sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto. Waliokuwa wakiishi kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, wanaukumbuka mwaka 2017, nyumba zilizowekewa alama ya X zilipobomolewa kwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Dalali aliyekulia kule anajua alama hizo ziliishia wapi. Aliyefuata kamisheni kutoka wilaya nyingine hajui, na hatauliza.

Hata hivyo, dalali asigeuzwe kuwa mwanasheria. Taarifa za hati ziombwe kwa Msajili wa Hati, ili ujue jina lililosajiliwa na kama kuna rehani ya benki au zuio. Eneo ambalo halijapimwa utaanzia ofisi ya serikali ya mtaa na kwa majirani. Nyumba ya wanandoa inahitaji ridhaa ya mwenzi kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na nyumba ya marehemu inahitaji barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Yale maandishi ya “Nyumba hii haiuzwi” unayoyaona ukutani mjini hayakuwekwa kwa mapambo. Dalali akikuambia kuna mtu analeta fedha kesho, mwache huyo mtu azilete. Wakili naye mtafute mwenyewe, usimpokee anayeletwa na dalali.

Kwa muuzaji mambo yanageuka kidogo. Wengi humtangazia nyumba kila dalali anayepita, na matokeo yake nyumba moja inazunguka mitandaoni kwa bei chungu nzima hadi wanunuzi makini wanadhani ina kasoro. Sisi tulimpa dalali mmoja kwa miezi mitatu, kwa barua ya ukurasa mmoja iliyotaja bei ya chini, asilimia yake, marufuku ya cha juu, na kwamba hatapokea hata shilingi kwa niaba yetu. Bei yenyewe ilipangwa na mthamini aliyesajiliwa, kwa sababu dalali hupenda kuuza haraka: kwa kamisheni ya asilimia tano, kushusha bei kwa milioni tano kunampunguzia laki mbili na nusu tu, ilhali ninyi mnapoteza milioni nne na laki saba na nusu. Nakala ya hati ilionyeshwa kwa wakili wa mnunuzi peke yake. Hatukuituma kwa simu.

Kamisheni ilipwe fedha ya nyumba inapoingia benki, kwa njia inayoacha kumbukumbu. Mnunuzi wetu alilipa kwa awamu, nasi tukamlipa dalali kwa awamu kwa uwiano uleule. Alinung’unika kidogo mwanzoni, lakini awamu ya mwisho ilipochelewa, ndiye aliyemfuatilia mnunuzi kuliko sisi wenye nyumba.