Dada, usiitume barua hiyo kwanza

Wewe uliyeuliza kama uandike "this" au "that" kwenye barua ya kuomba kazi hotelini, ngoja. Sentensi yako hii, "I attach my certificate and a letter from my former boss. This will show my experience", ndiyo ileile iliyonila mimi. "This" ipi? Moyoni umesema "hii", yaani barua. Ingekuwa cheti ungesema "hiki". Mzungu hana hii wala hiki. Ana "this" moja: cheti, barua, mbuzi, wote humo humo.

Nilikuwa karani kwa ajenti wa kutoa mizigo bandarini hapa Mombasa. Mteja mmoja akaingiziwa kontena la vigae, na kando yake mashine ya kusaga. Bosi akaniambia kwa Kiswahili safi: mashine iende mtaa wa Shimanzi leo, kontena lingoje. Nami, shati nimechomekea, nikawaandikia watu wa malori: "The container and the machine have arrived. Take this to Shimanzi today." Kichwani mwangu ilikuwa "hiyo", na hiyo haiwezi kuwa kontena; kontena ni "hilo". Saa kumi jioni simu yalia, mzigo umefika, washushie wapi? Kwenda kutazama, vigae! Mashine ikalala bandarini mpaka siku za bure zikaisha, storeji, yaani ada ya kulaza mzigo bandarini, ikaanza kuhesabu, lori likalipwa mara mbili, na mimi nikakatwa shilingi 18,000 kwenye mshahara. Mwezi ule nilikula viazi karai mchana na usiku, nikawaambia watu nimekinai nyama.

Na aliyeniponza namjua: mwalimu wangu wa tuisheni. "This ni hii, that ni ile, basi. Kurudia nomino ni ushamba." Ushamba! Kwetu huna haja ya kurudia kwa sababu ngeli yaibeba ile nomino. Kwao hakuna ngeli ya kuibeba. Hilo hakulisema, na ada yake alichukua kila Ijumaa.

Kwa hivyo "this" isisimame peke yake, itie nomino: "This letter will show my experience." Na "that", "these" na "those" vilevile. Lakini usije ukaandika "this my letter" kwa kuwa kwetu twasema "barua yangu hii". Chagua moja, "this letter" au "my letter". Na kama huyo bosi wako wa zamani ni mama, ni "her letter". Kwetu "yake" yafuata barua, kwao yamfuata mwenye barua.

Rekebisha, uibandike tena hapa tuisome. Nikiona "this" tupu nakutumia picha ya risiti ya storeji. Ninayo mpaka leo.