Mgonjwa Akikulalamikia Mtandaoni: Maswali ya Madaktari na Majibu Yake

SWALI: Mgonjwa ameandika mtandaoni kwamba dawa niliyompa haikufaa kitu. Faili lake linaonyesha kwamba hakumaliza dozi. Kwa nini nisiweke ukweli wazi?

JIBU: Kwa sababu ukweli huo si mali yako. Mgonjwa ana haki ya kusimulia maradhi yake popote apendapo, lakini kusimulia kwake hakukuondolei wewe wajibu wa kutunza siri yake, na hata kukiri tu kwamba umewahi kumtibu ni kuitoa siri hiyo. Nchini Marekani jambo hili linasimamiwa na HIPAA, sheria ya mwaka 1996 inayolinda siri za afya za wagonjwa. Mwaka 2019 kliniki moja ya meno mjini Dallas ilikubali kulipa dola 10,000 baada ya kumjibu mgonjwa kwenye ukurasa wa maoni kwa kutaja jina lake la ukoo na habari za afya yake. Barani Ulaya nako, kanuni za kulinda taarifa binafsi, ziitwazo GDPR, zilizoanza kutumika mwaka 2018 zinaziweka taarifa za afya katika kundi linalopewa ulinzi wa pekee. Lakini hata pasipokuwa na faini, wapo wagonjwa wengine wanaosoma jibu lako, nao watajiuliza kama yao pia yataanikwa siku watakapokukosoa.

SWALI: Nikinyamaza si nitaonekana nimekubali kosa? Na nikijibu, nijibu vipi?

JIBU: Unaweza kujibu, mradi useme habari za kliniki na si za mtu. Kwa mfano: “Tunayachukulia kwa uzito maoni yote tunayopokea. Wajibu wa kutunza siri hauturuhusu kuzungumzia matibabu ya mtu yeyote hadharani. Yeyote ambaye hakuridhika na huduma zetu tunamwomba apige simu ili azungumze na msimamizi wa kliniki.” Angalia kwamba maneno hayo hayasemi popote kuwa mwandishi wa lalamiko alifika kwako. Sentensi ya upole kama “pole kwa kusubiri muda mrefu siku ile” tayari inathibitisha kwamba alikuja, na madaktari wengi wenye nia njema huteleza hapo. Usijibu siku ileile ukiwa na hasira. Mpe mwenzako rasimu aisome kwanza, kisha ujibu mara moja tu, hata kama mlalamikaji ataendelea kuandika.

SWALI: Nimechafuliwa jina. Je, nimshtaki?

JIBU: Zungumza na wakili kabla ya kuamua, lakini ujue kwamba njia hiyo ni nyembamba. Katika jimbo la Minnesota, nchini Marekani, daktari wa mishipa ya fahamu alimshtaki mtoto wa mgonjwa wake kwa maneno aliyoyaandika mtandaoni, na mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua kwamba hakuna kauli hata moja kati ya zile sita zilizolalamikiwa iliyotosha kuwa kashfa. Kesi yenyewe, kwa bahati mbaya, iliyafikisha maneno yale kwa watu ambao wasingeyasikia kamwe. Kwa maoni yangu, mahakama ibaki kwa uzushi mzito, kama vile kusingiziwa jinai. Ikiwa unaamini kwamba mwandishi hajawahi kuwa mgonjwa wako, au ametumia matusi, wasilisha malalamiko kwa wenye tovuti wayapime kwa kanuni zao wenyewe.

SWALI: Je, naweza kuwasainisha wagonjwa kwamba hawataandika lolote baya juu yangu?

JIBU: Hapana. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2016 inayobatilisha masharti ya aina hiyo katika mikataba ya kawaida ya wateja. Hata pasipo sheria hiyo, si haki kumtaka mtu anayeumwa auze sauti yake ili apate kutibiwa.

SWALI: Malalamiko mengi juu yangu yanahusu foleni na mapokezi, si tiba. Niyapuuze?

JIBU: Hayo ndiyo ningekusihi uyasome kwa makini kuliko yote. Mgonjwa hawezi kupima kama umechagua dawa sahihi, lakini anajua kama ulimtazama usoni alipokuwa akieleza maumivu yake au macho yako yalibaki kwenye kompyuta, na anajua kama kuna mtu aliyetoka kuwaambia waliokuwa kwenye benchi kwamba daktari ameitwa kwenye dharura. Mtu asiyesikilizwa huficha dalili, au harudi tena. Kaa na wauguzi na watu wa mapokezi kila mwezi, myapange malalamiko kwa aina zake, na lile linalojirudia mlitafutie mtu wa kulisimamia. Kisha wakaribisheni wagonjwa wote kutoa maoni, bila kuwachagua walioridhika peke yao na bila kuwalipa. Sifa za kununuliwa ni udanganyifu kwa mgonjwa anayetafuta daktari. Mkibadilisha utaratibu, kwa mfano kwa kuwapigia simu wagonjwa pale ratiba inapochelewa, andikeni hivyo kwenye ukurasa wenu, kwani hilo ni jambo la kliniki na mnaruhusiwa kulisema.